Chakula Kipo

Jumatatu, 3 Februari
Kijijini Nyololo tena. Baridi, tope hadi kwenye vifundo. Madodoso yamebaki machache. Swali la tisa: "Je, kaya ina chakula cha kutosha?" Kila mlango jibu lile lile: kipo, tunamshukuru Mungu. Natia tiki, nasonga mbele. Raha tupu.

Jumatano, 5 Februari
Nimerudi chumbani kwangu Ipogolo. Msimamizi wa tasnifu kapiga simu, amefurahi. Utafiti wangu ni wa mbinu mseto. Tulikubaliana takwimu kwanza, kisha mahojiano ya kuzifafanua. Takwimu zinasema hakuna njaa. Anataka mahojiano mawili matatu tu, nitetee, nihitimu mwaka huu na wenzangu. Nautaka sana huo mwaka. Mama ameshanunua kitenge cha mahafali.

Ijumaa, 7 Februari
Mahojiano ya kwanza, kwa Mama Neema wa Nyololo. Jumatatu alinijibu chakula kipo. "Kamwene," akanisalimu, "karibu ndani." Sikutoa karatasi. Tukaota moto jikoni. Akaniletea ugali na maharage, mimi peke yangu. Watoto akawatoa nje wasinikodolee macho. Nikala wee, mjinga mimi! Nilipomaliza ndipo nikaona sufuria ni tupu. Nikamuuliza mbona alisema kipo. Akacheka. "Sasa mwanangu, mgeni kasimama mlangoni, nimwambie hakuna? Si ndiyo kumfukuza huko?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi nimekuja, wenyeji wamelala njaa. Aibu haijanitoka.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikusikia neno. Mahojiano hayafafanui takwimu zangu, yanazifuta. Nikiyafungia kabatini, nahitimu. Nani atajua?

Ningefanya dodoso na mahojiano sambamba, ningeshtuka mapema. Ningeanza na mazungumzo, dodoso nikalitunga kutokana na waliyoniambia, swali la kipumbavu namna ile lisingekuwepo kabisa. Nilikimbilia tiki kwa sababu tiki ni rahisi. Nimejikasirikia.

Jumanne, 11 Februari
Nimemwambia msimamizi naanza upya: maneno kwanza, dodoso baadaye. Kakasirika. Mahafali ni mwakani basi. Akauliza, hilo dodoso jipya litauliza nini cha tofauti? Nikafunga daftari, nikatoka. Nimelia njia nzima hadi nyumbani. Sijapika.

Jumatano, 12 Februari
Mvua tangu asubuhi. Mama kapiga simu kutoka Mbalizi. Nikamweleza habari ya mahafali. Akasema kitenge hakiozi. Kisha akauliza kama nimekula.

Nimekula, mama, nimeshiba.

Akaniuliza tena: "Umepika nini?"

Nikatazama jiko. Baridi tangu juzi. Ikabidi niseme ukweli: chai kavu. Akanigombeza mpaka salio lake likaisha.

Nimewasha jiko, nimebandika maharage. Yanatokota huku naandika swali la kwanza la dodoso jipya: Jana mlipika nini?