Waya za Babu Zisikatwe

Mwanangu,

“Hilo gitaa lenu linatutoboa masikio!” Ndivyo jirani wa chini alivyonipokea ngazini asubuhi. Nikamjibu, “Na mkoromo wako je, tunausikia bure!” Tukachambana mpaka milango yote ikafunguka.

Kumbe bwana ni fundi redio. Anasema atabana kapasita ndogo, kijidude cha umeme, kwa vibanio kwenye kitufe cha toni cha gitaa, ukali wa sauti upungue, bila kukata wala kulehemu. Ukiichomoa, sauti inarudi ileile ya babu yako. Kwa hiyo weka chini hilo koleo ulilotaka kukatia waya za gitaa. Waya zile baba yangu aliziunga mwenyewe, na sina kingine cha mkono wake.

~~Usimfungulie mpaka nirudi.~~ Akigonga, mwambie, “Karibu, mzee, ule kwanza.” Maharage yako jikoni.

Mama