Maji Matamu ya Mirihi

Kalamba,
Kaunti ya Makueni.
15 Februari 2026

Mpendwa Aunti Mumbua,

Habari za Glasgow? Hiyo baridi imekuachilia ama bado unalala na soksi? Huku sisi wazima. Susu, mama yako, goti limepoa na amerudi kwaya. Baba hajambo. Ndengu zimetoka vizuri, Mungu asifiwe.

Aunti, asante kwa hadithi yako. Nimeisoma mpaka karatasi imekuwa laini kama leso. Nilikuwa nadhani hadithi fupi za kisayansi huandikwa na watu wenye maabara nyumbani. Kumbe ni wewe, ukiwa kwa basi ukienda kazini, na rafiki yako Bushra wa Mwingi anasoma kwanza na kukukatia maneno. Na yule mama anayechimba mchanga wa sayari ya Mirihi akitafuta maji, nilimjua mara moja. Anashika kibuyu vile Susu hushika.

Sasa nikuambie kitu. Unanijua, hata kanisani nikiitwa kusoma mstari natorokea choo. Lakini jana wanawake wa kikundi cha Susu walikuja kuchagua ndengu, na Susu akasema, "Kavindu, tusomee ile ya Mumbua." Nikasoma nikigeuza kwa Kikamba, macho kwa karatasi.

Hawakunyamaza. Mama Kalekye, jirani wetu, akauliza, "Anachimba peke yake? Huko hakuna majirani?" Mwingine akadakia, "Na punda je? Mtu anaendaje maji bila punda?" Nikaendelea tu, hadi pale mkono wake unagusa mchanga wenye unyevu. Umemalizia hapo.

Aunti, walikasirika! "Maji yalitoka ama hayakutoka?" Nikasema karatasi imeisha. Mama Kalekye akasema, "Hata kama imeisha, huyo mama ana kiu!"

Hapo ndipo siri yangu ilipo. Mimi pia hutunga, tangu uanze kunitumia zako, na sijawahi kumwambia mtu. Sijui jana nilipata wapi mdomo. Nikamletea yule mama majirani na majembe yao. Punda nikamvalisha helmeti yenye nafasi ya masikio. Wakachimba wakiimba, maji yakatoka.

Susu akanitazama. "Hiyo ni ya Mumbua?"

"Hapana, Susu. Ni yangu."

Mikono yote ikasimama kwa ndengu. Nikaanza kuangalia njia ya choo. Halafu Mama Kalekye akauliza, "Na hayo maji, ni matamu ama ni ya chumvi?"

Wewe ulikunywa ya kisima chetu, unajua hilo swali si mchezo. Nikafikiria. Nikasema ni matamu. Aunti, walipiga makofi, na Susu akaniambia wiki ijayo nilete nyingine.

Asante sana. Ungemalizia hadithi yako, mimi ningekuwa bado nimenyamaza.

Nimeiandika yangu yote, iko kwa bahasha hii. Usinihurumie. Mpe na Bushra aikate. Ila tafadhali, Aunti, asimguse punda.

Msalimie Bushra, na binamu Musyimi ukimpigia simu. Susu anasema Mungu akufunike huko kwenye baridi, na ule vizuri.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Kavindu