Nusu za vidonge vya Mama

Mbarara, Jumanne. Asubuhi ina ukungu na baridi.

Dada Furaha, unaamkaje hapo Misiera, kambini Nakivale? Picha ya jana hapa hospitali imeonyesha kansa ya Mama imeanza tena kukua kwenye pafu. Daktari alimuuliza kama anameza kidonge kizima kila siku.

"Nusu, mwanangu," Mama akamjibu. "Kule Nakivale kila kitu banatupatia tunapunguza, kifike mwisho wa mwezi."

"Hii dawa si posho ya chakula, mama. Ukipunguza, ugonjwa unaizoea."

Leo watampima damu, wajue kama dawa hiyo bado itamfaa. Mama anasema nusu zilizobaki amekuwekea wewe kwenye kopo la chumvi, kwa sababu unakohoa. Tafadhali usizimeze, zilichaguliwa kwa kansa yake tu. Nakukumbatia, nenda kapimwe kifua. Jana nilipata usingizi saa nane usiku.

Mdogo wako, Neema