Nguo Chukueni, Watoto Niachieni

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Mwaka wa sita huu nimeikosa marahaba yako, lakini adabu uliyonifundisha sijaiacha. Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe ndiye mtu pekee ambaye hataniambia nitulie.

Unaikumbuka arobaini ya mama? Baba alishafariki kabla yake. Mimi nilikuwa na miaka minane, Hamisi sita, Zaina hata meno hayajamjaa mdomoni. Asubuhi waligawana nguo za marehemu: kanga kwa huyu, baibui kwa yule, viatu kwa mwenye mguu mdogo. Mchana, pilau limeshaliwa, wakaanza kutugawa sisi. Baba Mdogo Rajabu ndiye msimamizi. Mimi niende Kilwa nikamsaidie shangazi kazi, Hamisi abaki naye, Zaina apelekwe kituo cha yatima, maana hakuna aliyetaka mtoto wa kubebwa. Na sisi tumekaa pale pale mkekani, tunasikia yote.

Ndipo ukaingia barazani kwa wanaume, mwanamke peke yako, umebeba kanga ulizogawiwa. Ukazimwaga katikati yao. "Nguo chukueni zote. Watoto niachieni mimi, wote watatu."

Baba Mdogo akacheka. "Utawalisha nini, sindano?" Ulikuwa fundi cherehani wa chumba kimoja, Mtaa wa Narung'ombe.

"Kwani wewe nimekualika chakula?" ukamjibu. Loo! Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, wateja wananishangaa.

Sikusifii kwa sababu umekufa. Ulikuwa mwepesi wa kofi, na mdomo wako ulikata kuliko mkasi. Tulilala wanne kitanda kimoja. Ugali na dagaa, dagaa na ugali, hadi Zaina akauliza kama dagaa wenyewe hawajatuchoka. Na yule mwanaume wa Temeke aliyetaka kukuoa kwa sharti urudishe wawili, ulimwonyesha mlango, kisha ukashona kutwa bila kusema na mtu. Nilikuona ukijifuta macho kwa kipande cha kitenge. Nilinyamaza, Mama Mkubwa. Nilitakiwa nikushike mkono siku ile, na inaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Hamisi ametutoka. Mkewe alitangulia mwaka juzi. Wameacha wawili: Rehema, miaka tisa, na Juma, minne. Wiki iliyopita tumesoma arobaini yake, na yakawa yale yale, nguo asubuhi, watoto mchana! Ukoo huu haujifunzi jamani? Baba Mdogo, mzee sasa na mkongojo wake, akatamka: Juma atakwenda kwake, Rehema apelekwe kituo. Eti huko kuna wafadhili, atajua Kiingereza, atalala kitanda chake mwenyewe. Watu wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo. Sisemi vituo vyote ni vibaya, yupo mtoto asiye na mtu kabisa. Lakini mtoto mwenye shangazi wawili wazima unampelekaje kwa wageni, tena bila mdogo wake?

Nikasimama. "Hawa nawachukua mimi, wote wawili."

"Wewe huna mume, huna nyumba," akasema Baba Mdogo. "Una kimeza cha nyuzi na zipu Kariakoo."

"Kimeza hicho hicho ndicho kimenunua sukari ya hiyo chai unayokunywa, Baba Mdogo." Zaina akanifinya ninyamaze. Halafu naye akasimama, akasema sare na madaftari ya Rehema ni juu yake.

Kesho yake nikaenda mwenyewe ustawi wa jamii, asije mtu akasema nimeiba watoto. Jana afisa akaja kukagua chumba, dada mmoja mpole. Akaona kitanda kimoja, godoro chini, cherehani yako pembeni. Akauliza mengi, mimi nikajibu jasho linanitoka. Mwisho akamwinamia Rehema, akamuuliza angependa kukaa wapi.

Rehema akamtazama usoni. "Juma akishtuka usingizini analia. Anayejua kumbembeleza ni mimi tu."

Afisa akafungua faili lake. Akaandika, akasema kwa sasa tukae nao, atarudi baada ya miezi mitatu ndipo iamuliwe. Baba Mdogo naye ametuma salamu kwamba hajamaliza, anarudi.

Basi waje. Waje na ukoo mzima wajae hadi barabarani. Wataniita kiburi, wataniita mwanamke asiyesikia, na mimi nitaitika. Siwagawi.

Ukionana na Hamisi huko, mwambie wanawe wamelala mchana huu, feni haifanyi kazi, mmoja kamwekea mwenzake mguu tumboni. Mwambie nimejaribu kuuondoa, wameguna wote wawili.

Mwanao,
mkubwa wa wale watatu