Mashine Isiyo na Taa

Palma, upande wa Ghuba ya Tungue

Kwa mdogo wangu Somoe binti Hamisi, Mikindani.

Asalaam aleikum, mdogo wangu. Nakusalimu wewe kabla ya mtu mwingine yeyote wa nyumba hiyo. Na wewe Mwajuma, mke wa mwanangu, unayemsomea shangazi yako barua hii, nakusalimu pia, ila usome yote. Tabia yako naijua. Ile barua ya mfungo ulimsomea nusu, ukasema mengine ni baba anajisifu tu. Safari hii usiruke hata mstari mmoja.

Magoti yako yanaendeleaje, Somoe? Na kile kikohozi cha wakati wa mvua kimekuachia? Mimi mzima wa afya, meno yangu yote yapo isipokuwa yale unayoyajua. Ningali dobi kwenye kampu ya gesi, kule Afungi ndani ya uzio. Vijana wana mashine za kufulia kubwa kama vyumba, lakini mkubwa akitaka kwenda kwenye mkutano na kola imesimama, anaitwa mzee Bakari. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Sasa habari yenyewe. Kimepatikana, mdogo wangu. Kimepatikana, na ni kizima. Huyo mama muuza kanga aliyekuletea barua hii anacho kwenye mzigo wake, kimefungwa ndani ya shati langu jeupe. Pumua sasa, maana hata mimi ndiyo kwanza napumua.

Sijasahau siku ile paa lilipovuja juu ya sanduku la vitabu vyako vya nukta. Ulikaa sakafuni unapapasa karatasi moja moja, nukta zote zimelala, hakuna hata moja iliyosimama chini ya kidole. Ukaniambia, "Kaka, leo nimekuwa kipofu mara ya pili." Halafu mwalimu mkuu akaja kusema shule ikifunguliwa na darasa unalofundisha halina vitabu, basi darasa lifungwe, wale watoto wasioona warudi kukaa kwao. Mimi nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema vitabu nitaleta mimi. Watu wakacheka. Mwajuma, na wewe ulicheka.

Hapa kampu msimamizi wa jikoni ni Mkenya mmoja aitwaye Barasa. Nilipomweleza shida yako akasema, "Mzee, vitabu vya nini? Siku hizi kuna kimashine. Vitabu vinaingia ndani kwenye kadi ndogo kama ukucha, na nukta zinainuka zenyewe juu yake, mstari kwa mstari." Akasema zamani mashine ya namna hiyo ilikuwa bei ya gari, hakuna mtu wa kawaida aliyeigusa, sasa wametengeneza za bei nafuu hata dobi anaweza. Hilo la hata dobi sikulipenda. Nikampa akiba yangu, akaenda likizo kwao.

Alirudi nacho. Kidogo, kama boksi la tambi. Akakibonyeza, kikatetemeka kama panzi, basi. Nikangoja kiwake. Hakikuwaka. Nikakigeuza juu chini, sioni kioo, sioni taa. Nikaweka vidole pale aliponionyesha, sikusikia kitu, laini tupu. Barasa ananiambia, "Kinafanya kazi, mzee." Nikamwambia, "Kinafanya kazi gani, ya kulala? Umeniletea maiti!" Nilimwita mwizi pale pale kwenye chumba cha kulia, watu wameshika sahani. Yeye akajaribu kunieleza, lakini wewe unanijua, mimi nikishaona nimeona.

Mwisho wa juma nikakipeleka sokoni Palma kwa fundi wa simu. Nilitaka akifungue akiweke taa. Njia nzima juu ya pikipiki nilikuwa nafikiria uso wako, na wale watoto wanavyokusanya mikeka yao kurudi makwao. Fundi alikitazama, akasema, "Mzee, hiki hakina mahali pa kuwekea taa." Nikamwambia, "Kazi ya fundi ni nini? Kitoboe!" Akachukua bisibisi.

Pembeni ya meza yake anakaa mama mmoja anakaanga bajia, jina lake Atija. Haoni tangu utotoni. Akasema, "Mzee, asubuhi yote hii unagombana na nani?"

"Na maiti," nikasema. "Mashine ya kusomea ya mdogo wangu asiyeona. Haina taa."

Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Pasensia, subira mzee! Nani kakwambia kipofu anahitaji taa?"

Wakacheka wote, hata fundi, bisibisi mkononi. Nilitaka kuondoka na mashine yangu, lakini Atija alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, ameifuta kwenye kanga yake. Nikampa. Akanishika vidole vyangu kwanza, akavipapasa, akasema, "Wewe kazi yako pasi."

"Pasi," nikasema, "na hakuna anayenishinda."

"Ndiyo. Pasi imekumaliza vidole. Hata ungewekewa mchanga usingeusikia."

Kumbe yeye amesoma shule ya wasioona, huko kusini, zamani. Alisoma Kireno, lakini herufi ni zile zile. Akaweka vidole, akaanza polepole kama mtu anayechambua mchele: "Mi... ho... go. Mihogo. Mihogo ipandwe mvua zinapoanza."

"Hilo hata mimi nalijua," nikasema.

Lakini Somoe, hapo hapo nikakaa kwenye ndoo ya fundi. Kizima! Ni kizima, na kilikuwa kizima siku zote. Vitabu vimejaa humo, vya hesabu, vya hadithi, vya kilimo, na Barasa alikuwa ameweka vya Kiswahili bila kuniambia, kwa sababu sikumpa nafasi ya kuniambia.

Atija hakuacha kusoma. Bajia zikaungua, moshi ukapanda, wateja wakapiga kelele, "Mama Atija, unatuunguzia!" Akawajibu, "Ngojeni, sijamaliza mihogo." Alikuwa hajagusa nukta tangu alipotoka shule akiwa msichana. Nikawaambia wale wateja wamwache mama asome, na mwenye haraka akale mkate. Tangu siku ile, kila nikitoka kazini nilikuwa nakipeleka kwake asome kidogo, mpaka huyu mama wa kanga alipopata safari ya kuvuka Ruvuma. Usikasirike kwamba kimetumika. Kina harufu ya mafuta, itatoka.

Barasa sikumwomba radhi. Nilimpigia pasi mashati yake yote, hata ya kulalia, na anajua maana yake. Nimemwambia akienda tena alete kingine, cha Atija, sisi wa kwenye kufua tunachanga. Akaniuliza, "Na hicho nacho kikiwa maiti?" Nikamwambia afunge mdomo akapike.

Nisalimie mwanangu Saidi, fundi wa mapaa anayeezekea mji mzima isipokuwa nyumba ya shangazi yake. Nisalimie mjomba wetu mshona kofia, na jirani yetu mkunga, na wote waliocheka siku ile. Mwalimu mkuu mwambie darasa halifungwi.

Mwajuma, kazi yako inaishia hapa. Mpe shangazi yako mashine mkononi, wewe kaendelee na shughuli zako.

Somoe, ukiiwasha pitisha vitabu vyote mpaka mwisho. Pale kuna barua nyingine, fupi, yako peke yako. Tangu nianze kukuandikia, kila neno langu kwako limepita katika mdomo wa mtu mwingine kwanza, na kuna mambo ya mama yetu ambayo sikutaka yapite kwa mtu. Nilimwambia Atija maneno, yeye akayabonyeza kwa nukta kwenye vitufe vya mashine, mimi mwenyewe siwezi kuyasoma. Atakuwa amekosea herufi hapa na pale, amezoea Kireno. Alipomaliza alinisomea yote, akaniuliza, "Mzee, umejisifu mahali pengi humu. Sifa hizo niziache?"

Nikamwambia afute zote.

Kaka yako,
Bakari bin Hamisi, dobi