Wali Hauhesabiki

Jumatatu, 14 Julai
Nimemwosha mume wangu, Mwalimu, saa mbili, nimembadilisha shati, nimemkalisha barazani. Wiki ya tano tangu kiharusi. Mkono wa kulia bado umelala. Kiswahili nacho kimelala. Alipozinduka hospitali alianza kusema Kiingereza, na mpaka leo ni hicho hicho. Daktari alisema hutokea, huenda ni kwa kuwa amekifundisha miaka zaidi ya thelathini. Kiswahili changu anakisikiliza kama redio ya jirani inayopita ukutani.

Mchana nilimpikia wali wa mashendea, laini, wenye tui. Akasema, "Too much rice." Nikafurahi, anausifu. Hapa Nguvumali chai ikikolea sukari watu husema ni tamu "too much". Nikamwongezea.

Akageuza uso.

Jumatano, 16 Julai
Yale yale. Amesema tena, nimeongeza tena. Amekula vijiko vitatu kwa siku nzima. Mashavu yamebonyea.

Nina hasira naye. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 19 Julai
Zuhura amekuja kutoka Horohoro, anakofanya kazi mpakani. Shikamoo mama, marahaba, kisha akaketi kwa baba yake. Wakazungumza Kiingereza saa nzima. Mimi nimesimama na sinia mlangoni, mgeni ndani ya nyumba yangu. Nilimwonea wivu. Mwanangu wa kumzaa.

Wakati wa kula Mwalimu akasema lile neno lake. Nikashika upawa. Zuhura akanizuia mkono.

"Mama, baba anasema wali umezidi. Anaomba upunguze."

Siku zote hizo mume wangu ananiomba nipunguze, nami namjazia.

Kabla ya kuondoka ameniambia Jumamosi ijayo atakuja na gari amchukue. "Kwangu atapata wa kuelewana naye, mama. Nawe upumzike." Ana nia njema.

Jumapili, 20 Julai
Nimefungua sanduku la madaftari yake ya kazi. Miaka yote nalifuta vumbi tu. La tatu kutoka juu ni somo la chakula. Safu mbili, na maelezo ya Kiswahili pembeni. Upande huu vinavyohesabika: mayai, ndizi, viazi. Upande ule visivyohesabika: wali, sukari, maziwa, mkate.

Mkate! Nimehesabu mikate maisha yangu yote. Kwa Waingereza mkate hauna mmoja wala miwili. Uukate kwanza, ndipo uhesabu vipande. Kinachohesabika kinaulizwa kwa "how many". Kisichohesabika, "how much". Basi nchi yao imejaa vitu visivyo na mwanzo wala mwisho. Maji, mchele, chai. Unachota tu.

Mwandiko wake umeinama upande mmoja kama majani penye upepo. Nimesoma mpaka jua likahama barazani.

Jumanne, 22 Julai
Usingizi ulinichukua kitini mchana. Nikaota niko shuleni kwake Pangani, dawati la mbele, miguu haifiki chini. Mwalimu ni kijana. Anamimina mchele mezani na mchele hauishi, unajaa sakafuni, unapanda, unatuinua na madawati yetu taratibu mpaka usawa wa madirisha. Nje kweupe kabisa. Hakuna anayeogopa.

Nimeamka natabasamu. Nikapasha chakula, nikamwuliza, "How much rice?"

Kichwa kikageuka polepole. Akanitazama, mimi hasa. Akainua vidole viwili. "Two spoons."

Wali hauhesabiki. Vijiko vinahesabika. Nikampa viwili, akala vyote, akataka viwili vingine.

Nikaenda jikoni kulia.

Alhamisi, 24 Julai
Nimesema "how many milk". "How much," akanisahihisha, kwa sauti nzito, ya upole, nisiyoijua. Ndiyo sauti ya darasani. Miaka yote alikuwa akiiacha huko huko shuleni. Nimeishi na mtu, kumbe wako wawili.

Nakosea makusudi mara nyingine, niisikie.

Ijumaa, 25 Julai
Nimeshindwa kufanya lolote. Nguo zake sijazipanga. Sizipangi.

Jumamosi, 26 Julai
Zuhura amefika na gari saa sita. Nilikuwa nimepika kuku wa nazi. Nikamwuliza Mwalimu mbele ya mwanawe kama anataka "a chicken".

Akanitazama. Akatazama uani, kuku wangu wanakopekua. Akacheka. Mdomo unakwenda upande mmoja tu, lakini ni kicheko. Akapiga ubawa kwa mkono wa kushoto.

Zuhura akanieleza. Kwa kale ka "a" nimemkaribisha kuku mzima, na manyoya yake na miguu yake. Nyama ya kuku haihesabiki. Tukacheka watatu. "Some chicken," Mwalimu akasema. Nikarudia. Akafungua mdomo.

Alipomaliza kula, Zuhura akamwuliza jambo, taratibu. Akajibu kwa maneno machache. Zuhura akainama.

"Nimemwuliza kama tuondoke," akaniambia. "Anasema hawezi. Ana mwanafunzi."

Amerudi Horohoro peke yake.

Jumatatu, 28 Julai
Manyunyu tangu asubuhi. Nimempa uji barazani. Hakusema neno leo, la Kiingereza wala la kwetu, nami sikumwuliza kitu. Tumeangalia maji yakichuruzika kwenye bati. Alipotosheka alilisogeza bakuli kwangu, nikanywa uliobaki.