Wiki Mbili za Kalina

Suwałki, 8 Januari

Mpendwa mkwe mwenzangu Aniela,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia, ingawa kwenye picha alizonitumia mwanangu Radek halikuonekana kukusumbua hata kidogo. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Kifua kinabana asubuhi, mchana kinaachia.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikipiga simu Kalina huwa amekaa ubavuni kwako, na kuna mambo bibi wawili wanapaswa kuambiana bila mjukuu kusikia.

Picha nimeziona. Wewe na yeye kwenye sleji kubwa inayoburutwa na farasi wawili juu ya theluji, umemfunika ngozi ya kondoo mpaka puani. Wewe na yeye kwenye bwawa la maji ya moto, theluji imejaa ukingoni. Wewe na yeye mnakula jibini la kuchoma. Picha kumi na moja, na katika zote upo. Nakwambia wazi, Aniela, niliona wivu mpaka chakula kikanishinda. Tangu mwanangu na binti yako waende Norwei kutafuta maisha, wewe unaamka na mtoto huyu kila siku. Mimi namsikia Jumapili, dakika tano.

Kwa hiyo nakukumbusha tulivyokubaliana siku ya Pasaka mbele ya wazazi wake: likizo ya baridi mwaka huu ni yangu, wiki zote mbili. Utamleta Jumamosi tarehe 20, kama ulivyomleta mwaka juzi. Jumapili tarehe 21 kutakuwa na msafara wa sleji msituni. Mzee Sitko ameniahidi farasi, watoto kumi wa kijiji watakuja na sleji zao tuzifunge nyuma moja moja kwa mstari, na tukitoka msituni tutachoma soseji. Jumatatu nitampeleka ziwani tukavue samaki kwenye tundu tutakalotoboa katika barafu. Milima hatuna, lakini baridi ya kweli iko kwetu, muulize yeyote.

Mabuti yake ya manyoya yatangulie kwa posta. Mwaka juzi uliyasahau, ikabidi nimvalishe ya marehemu mume wangu.

Mkwe wako,
Genowefa

&nbsp;

Nowy Targ, 12 Januari

Mkwe wangu Genowefa,

Milele, amina. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili. Goti ni lile lile, ila likipanda sleji linasahau umri wake. Pole na kifua. Kunywa maziwa ya moto yenye asali na kitunguu saumu, na usikae barazani kubishana na majirani.

Hizo picha zisikunyime usingizi. Nikae ndani nifanye nini na mtoto wa miaka minane, tutazamane? Jumapili iliyopita tulikwenda kwenye mteremko wa watoto, akashuka na mbao zake za ski miguuni mara sita bila kushikwa. Mwalimu akasema mtoto huyu ana miguu ya watu wa milimani. Nilifurahi, na nilijua nawe utafurahi.

Ya Pasaka nayakumbuka. Likizo yake mwaka huu ni yako, sina ubishi. Mabuti nimeyapeleka posta leo, na ndani nimeweka jozi mbili za soksi za sufu nilizofuma mwenyewe. Huo msafara wako naona utapendeza, Mungu akiwapa theluji.

Kalina anakusalimu. Anasema umbusu paka.

Mkwe wako,
Aniela

&nbsp;

Suwałki, 22 Januari

Aniela,

Tumsifu Yesu Kristo. Afya yako siulizi, nina hakika ni nzuri.

Jumamosi nilifika stesheni saa nzima kabla ya treni. Nilivaa koti la kanisani. Abiria walishuka, wakakumbatiana na watu wao, wakaondoka. Nikaingia ndani ya mabehewa nikatafuta kiti kwa kiti, mpaka kondakta akaniuliza kama nimepoteza mzigo. Nikapiga simu kwako, ikaita mpaka ikakata. Jioni vilevile.

Nikajiambia labda mmekosa treni, mtakuja asubuhi. Asubuhi Sitko alileta farasi amemfunga kengele shingoni, watoto kumi wakapanga mstari na sleji zao, na mimi nikawa nachungulia barabarani. Ningewaambia nini, warudi kwao? Tukaenda. Sleji ya kwanza, iliyo karibu na farasi, nilikuwa nimemwekea Kalina na blanketi jekundu juu yake. Nilikataza mtu asiikalie. Ikaenda tupu msitu mzima, na kila tuliyepishana naye aliuliza mjukuu wa Genowefa yuko wapi. Sitko akasema, "Labda amenogewa na milima, Mama." Alisema kwa wema, lakini nilitamani kumpiga na fimbo yake mwenyewe.

Wewe una miezi kumi na mbili na mtoto huyu. Nilikuomba siku kumi na nne, nazo umezila. Nimekuonea wivu miaka yote hii na nilikuwa naona aibu kwenda kuungama. Sasa sioni aibu tena. Wewe ni mwizi, Aniela, na ninakuandikia hivyo kwa mkono wangu.

Genowefa

&nbsp;

Nowy Targ, 25 Januari

Mkwe wangu Genowefa,

Milele, amina. Sisi wazima. Nakuombea utulie kabla ya kusoma.

Jumamosi Kalina alikuwa anajiandaa kwa shule, kwa sababu Jumatatu alikuwa na mtihani wa hesabu. Likizo yake haijaanza. Itaanza Jumamosi tarehe 10 Februari. Tarehe ulizoandika ni za watoto wa mkoa wenu, na Kalina anasoma mkoa wetu. Kila mkoa una wiki zake mbili, ili nchi nzima isijazane milimani siku moja. Mtu mwenye mtoto shuleni analijua hilo, ila wewe hujawa na mtoto shuleni siku nyingi, kwa hiyo sikulaumu. Simu haikupokelewa kwa sababu tulikuwa tumekwenda kuteleza na sleji kwa dada yangu na tukalala huko.

Sasa, kwa kuwa msafara wako umeshapita na watoto wa kwenu watakuwa wamerudi darasani, naona tusimchoshe mtoto na safari ndefu. Akifika huko tarehe 10 hatakuwa na wa kucheza naye. Huku nimeshapanga naye bwawa la maji ya moto na mteremko mkubwa. Abaki. Mtaonana Pasaka.

Neno mwizi nimelisoma, nimelikunja, nimeliweka.

Mkwe wako,
Aniela

&nbsp;

Suwałki, 29 Januari

Aniela,

Tumsifu Yesu Kristo. Kifua kimekuwa kizito wiki hii.

Nimekosea. Nilitazama kalenda iliyobandikwa dukani kwetu na sikukumbuka kwamba mtoto si wa kwetu kishule. Nimewaambia majirani mwenyewe kabla hawajasikia kwingine, wamecheka wakamaliza. Neno mwizi nalirudisha.

Lakini jibu hili moja. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na tarehe mbili, Jumamosi ya 20 na Jumapili ya 21. Umesema uliisoma mara mbili. Mabuti yalifika kwangu Jumatano tarehe 17. Ulimvua mtoto mabuti katikati ya Januari, wakati wa baridi kali, ukayatuma kwa mtu uliyejua hatamwona mpaka Februari. Ungeweza kuongeza mstari mmoja tu: Genowefa, umekosea wiki. Hukuuongeza.

Ulijua?

Genowefa

&nbsp;

Nowy Targ, 2 Februari

Mkwe wangu,

Milele, amina. Nimetoka kanisani kubariki mishumaa, nimeuwasha wangu mezani, na sitaki kusema uongo mbele yake. Goti linauma kweli leo.

Nilijua. Nilijua pale pale, nikiwa bado nimesimama mlangoni na bahasha mkononi. Kwanza nilifikiri nikupigie. Kisha nikafikiri, akiharibu mipango yake mwenyewe, mtoto atabaki. Nikaenda posta na mabuti ili usipate wazo la kupiga simu kuuliza. Kalina nilimnunulia mengine. Hata kuhusu dada yangu nilikudanganya. Tulikuwa nyumbani. Simu iliita nami nimekaa mbele yake, nikamwambia mtoto ni watu wa matangazo.

Sababu nakupa, si kisingizio. Binti yangu Honorata alipiga simu Krismasi. Wamepata nyumba kule, yenye chumba cha mtoto. Agosti wanamchukua Kalina moja kwa moja. Waliniomba nikueleze taratibu kwa sababu ya kifua chako, nami sikukueleza kabisa. Hii ni baridi yangu ya mwisho naye, Genowefa. Nilihesabu Jumapili zilizobaki, na wewe ulikuja kutoa mbili.

Na usidhani wivu ni wako peke yako. Mwaka juzi alipotoka kwako, mwezi mzima ilikuwa ziwa, tundu, samaki, Bibi Gienia, ndivyo anavyokuita, anasema hivi, Bibi Gienia anapika vile. Nilimpandisha mlimani kwa kile kiti kinachoning'inia kwenye waya, nchi yote iko chini yetu, akauliza kama ziwa lako linaonekana kutoka pale.

Nitamleta tarehe 10. Nitamkabidhi stesheni na nitarudi kwa treni ya jioni. Najua hutaki kuniona.

Aniela

&nbsp;

Suwałki, 5 Februari

Aniela,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilikuja asubuhi na mpaka sasa sijawasha jiko.

Nimempigia Radek. Nimemlilia, kisha nimemgombeza, kisha nimemwambia mtoto akae na wazazi wake, kwa sababu hilo ndilo jibu na wewe unalijua pia. Akaniahidi nitakwenda kuwatembelea. Ndege mimi sipandi, naye anajua.

Na wewe nina hasira. Nitakuwa nayo mpaka Pasaka, usijisumbue kuniomba msamaha mapema. Ulimdanganya mtoto huku simu inaita na mimi nimesimama stesheni. Hilo sitalisahau upesi.

Lakini treni ya jioni usipande. Njoo na nguo za wiki mbili na viatu vya barafuni. Kitanda nimekitandika chumba cha nyuma, mbali na baridi, kwa ajili ya goti. Asubuhi utanisaidia kutoboa tundu ziwani, mikono yangu peke yake haiwezi tena. Samaki wa kwanza atakuwa wangu na yeye, wewe utashika ndoo.

Mchana nilijaribu kuwaonea wivu hao watu wa Norwei watakaomwona akienda shule kila asubuhi. Imenishinda. Siwajui majina, sijui hata mlango wao unafunguka upande gani. Wewe nakujua. Miaka minne nimelala na kuamka nikikuonea wivu, Aniela, na kuanzia Agosti sitakuwa na mtu wa kumwonea.

Mkwe wako,
Genowefa